Bonde Bado ni la Mto

Wajukuu zangu wa bondeni,

Ijumaa iliyopita, tulipotoka msikitini, niliwasikia vijana wawili wakibishana barazani. Mmoja amekwisha kufyatua tofali. Anataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu kule chini, kando ya shamba lake la mpunga, kwa kuwa amechoka kupanda na kushuka kila msimu. Mwenzake akamwambia maji yatamfuata. Akajibu kwa kujiamini: "Siku hizi mto una mlango, bwana. Mafuriko ya akina babu yamekwisha." Sikusema kitu, maana kijana hasahihishwi mbele za watu. Lakini neno lile nimelala nalo siku tatu, na nimeona niseme nanyi nyote, kwa sababu najua hayuko peke yake katika kuliamini.

Mto una mlango, hilo ni kweli. Pale kwenye korongo ambapo Rufiji anaaga milima na kuja kwetu, limesimama bwawa la Julius Nyerere. Maji yalianza kuzuiwa tarehe 22 Desemba 2022. Ziwa lake likijaa linafika mita 184 kutoka usawa wa bahari, nalo linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Chini yake kuna mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, ambayo kwa pamoja ni megawati 2,115 za umeme wa nchi hii. Mimi nilisoma kwa kibatari. Najua thamani ya taa. Nilifurahi bwawa lilipojengwa na sijajuta kufurahi. Basi pasiwe na mtu wa kwenda kusema kwamba babu anapinga bwawa.

Lakini mlango unaofungwa ndio unaofunguliwa, na wa bwawa hufunguliwa wakati ambapo maji ni mengi kuliko siku zote.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Masika ya 2023 ziwa lilikuwa linajazwa, na mto ukatufikia mwembamba. Mahali ambapo mwezi wa nne tumezoea kupita kwa mtumbwi na upondo, mwaka ule nilipita kwa miguu, kandambili zikabaki kavu. Nikaona ardhi nyeusi imelala wazi, ardhi ambayo hata marehemu baba hakuthubutu kuitegemea, nikaingiwa na tamaa. Msimu uliofuata nikalishusha shamba. Nikalishusha na dungu. Na ghala la mpunga wa chakula, ambalo miaka yote lilikaa juu nyumbani, nikalijenga hukohuko chini ili nipunguze safari.

Vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na mvua zile hazikukatika vizuri hadi zikaungana na masika. Mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote ikaleta maji. Ziwa likapanda, milango ikafunguliwa, na kufikia Aprili 2024 maji yalikuwa yametanda Rufiji na Kibiti. Watu wa Muhoro na Chumbi wakahama kwa mitumbwi. Mwanzoni mwa Mei, mikeka haijakauka, kimbunga Hidaya kikapiga pwani kwa upande wa Mafia. Mimi nilitoka na bibi yenu, mbuzi wanne na redio. Mpunga wa mwaka mzima ulibaki ghalani, ukachipua ndani ya maji. Nilipolifungua lile ghala mwezi wa sita nilikuta bustani ya kijani isiyo na faida kwa mtu yeyote, na harufu yake bado ninayo puani.

Maneno yalikuwa mengi wakati ule, nanyi mnayakumbuka. Wapo waliosema tumemwagiwa maji. Serikali ikaeleza kwamba chanzo ni mvua, na kwamba bwawa lilipunguza makali yake. Nimelifikiri jambo hili sana, na naona yote mawili yanaweza kukaa pamoja. Bwawa linaweza kweli kuzuia sehemu ya maji, na bado aliye chini akaumia kuliko zamani, kwa sababu alipoona mto umetulia alisogea karibu nao. Maji yaliyonikuta mimi yangenikuta juu kama ningebaki pale aliponiacha baba yangu. Hakuna aliyenishika mkono kunishusha.

Jambo hili halikuanza kwetu. Ukiona cha mwenzako kinanyolewa, chako tia maji. Huko Msumbiji, kwenye Mto Zambezi, bwawa la Cahora Bassa lilianza kujazwa Desemba 1974. Mto ukatulia, watu wakasogea kwenye kingo na visiwa, wakalima na kujenga. Mwaka 1978, haijatimia hata miaka minne, mvua kubwa zikaja, bwawa likalazimika kuachia maji mengi, na bonde lote la chini likafunikwa. Sisi yametukuta mwaka wa pili tu tangu maji yaanze kuzuiwa.

Msidhani kwamba wazee wetu waliishi bondeni kwa kukosa akili. Walikuwa na makao mawili na mashamba ya aina mbili. Mpunga uliwahi mvua za kwanza ili maji yanapopanda mwezi wa nne uwe umeshika na kurefuka. Maji yakishuka, kwenye tope lililoachwa walipanda mlau: mahindi, kunde, maboga, bila kusubiri tone la mvua. Mpunga ulipoharibika, mlau uliokoa watoto. Na aliyekaa shambani kulinda nguruwe na ndege alilala kwenye dungu, nyumba ya juu ya nguzo ambayo unapanda kwa ngazi, mtumbwi umefungwa chini. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilituhamisha kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu. Nilikuwa na miaka 17. Wazee walilia kuacha makaburi na miembe yao, na mimi nililia nao. Hata hivyo tuliendelea kushuka kulima, na akili ile ya makao mawili haikufa. Sasa naona inataka kufa mbele ya macho yangu, na ndilo linalonikosesha usingizi.

Sasa sikilizeni kuhusu mlango wenyewe, kwa sababu mtu hawezi kujihadhari na asichokielewa.

Maji hutoka kwenye bwawa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitia mitambo. Haya ndiyo maji ya umeme, nayo hutoka masika na kiangazi. Ya pili ni kupitia milango ya kumwagia maji ya ziada, pale ziwa linapokaribia kujaa na mito ya juu bado inaleta. Anayesimamia milango hana hiari ya kuzuia kila kitu. Septemba 2023, huko Derna nchini Libya, mabwawa mawili ya mawe na udongo yalishindwa na mvua ya dhoruba, yakavunjika usiku mmoja, na maelfu ya watu wakafa. Letu ukuta wake mkuu ni wa zege, lakini kanuni haibadiliki: maji yasiachwe yapite mahali ambapo hayakutengenezewa njia. Kwa hiyo siku moja mtu atabonyeza kitufe, na maji yatakuja, na atakuwa amefanya sawa kubonyeza. Ninachouliza mimi ni alibonyeza lini, aliachia kiasi gani kwa mara moja, na aliwaambia nani kabla.

Hapo pana jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine yote. Mwenye umeme anapenda ziwa likae juu, kwa kuwa maji yakiwa juu mitambo hupata nguvu, na kiangazi kikija ana akiba. Mwenye kulala chini ya bwawa anapenda ziwa liingie masika likiwa na nafasi, ili mafuriko yakija yapate pa kukaa. Wote wawili wana haki, na haki zao zinagongana. Dawa yake ni kuachia maji mapema na kidogo kidogo, mwezi wa pili na wa tatu, kabla ziwa halijabanwa, badala ya kungoja Aprili na kuachia mengi kwa pamoja. Kwa hiyo kila Februari, viongozi wa kijiji wakikutana na watu wa wilaya, wa bwawa na wa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, swali lenu liwe moja: ziwa liko mita ngapi leo, na nafasi iliyobaki kabla ya 184 ni kiasi gani? Msikubali kujibiwa kwamba hali ni shwari. Hali shwari haina namba. Dai namba.

Na namba mkipewa mzijue. Redioni watasema zinatoka mita za ujazo kadhaa kwa sekunde, na wengi wenu mtageuza kwenda kwenye mpira. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madumu 50 yale ya lita 20. Wakisema mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, maana yake kila ukipepesa jicho madumu 50,000 yamepita. Leo yakitajwa 1,000 na kesho kutwa 3,000, huhitaji digrii kujua la kufanya na ghala lako.

Dalili za zamani bado mnazihitaji, ila zimepungua nguvu. Sisi tulisoma rangi ya maji: yakija mekundu, yamebeba majani, magogo na mapovu, tulijua huko juu kumechafuka, tukaanza kuhamisha kuku. Siku hizi udongo mwingi na magogo hubaki ziwani. Maji yanaweza kukujia masafi kabisa, mazuri ya kunywa kwa macho, na yakawa ndiyo mafuriko yenyewe. Na maji yaliyoacha udongo wake nyuma huwa na njaa. Yanakula kingo kutafuta udongo mwingine. Mtaona ukingo uliosimama tangu enzi za babu yangu unaanguka vipande vipande, hasa upande wa nje wa kona ambako mkondo unapiga. Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Iheshimuni, lakini msiifanye ndiyo kinga. Bonde letu lina upana wa kilomita nyingi, na mto umehama njia yake mara kadhaa ndani yake. Mita 60 za leo zinaweza kuwa katikati ya mkondo mjukuu wako atakapozaliwa.

Kiangazi nacho kimebadilika, na hili hulisikii likisemwa. Zamani mwezi wa saba mto ulishuka na kuendelea kushuka, hadi mlau ukavunwa. Sasa maji ya mitambo yanatoka mwaka mzima. Umeme unapohitajika zaidi, mitambo zaidi inaweza kuwashwa, na mto ukapanda bila wingu hata moja mbinguni. Mahindi yako ya mlau yana majani manne, unaamka asubuhi yamezama. Mvuvi aliyelala kwenye kichanga katikati ya mto, dada anayefua, mtoto anayechota maji mahali ambapo jana palikuwa pa magoti, hawa wote wako hatarini katika siku ambayo hakuna mtu anayeita mafuriko. Waambieni wadogo zenu: mchanga wa katikati ya mto si pa kulala tena.

Nimewatisha vya kutosha. Lakini sitaki mtoke hapa mkiomba mto usifurike kamwe, maana dua hiyo ikikubaliwa tutakufa kwa njia nyingine. Ziwa Uba, Ruwe, Zumbi na mengine yale ya pembeni hupata samaki pale mto unapopanda na kuyafungulia mdomo. Perege na kambale huingia kuzaa humo. Miaka ikipita bila maji kuingia, ziwa linakuwa dimbwi, halafu linakuwa uwanja. Tope ndilo mbolea yetu, ambayo hatujawahi kuinunua dukani. Na kule kwenye maingilio ya bahari, mikoko na kamba wa Delta wanahitaji maji matamu yashuke kwa wakati wake. Mimi ningependa tuombe mafuriko ya kiasi, katika mwezi wake, yenye taarifa. Bwawa linaweza kutupa hilo kuliko mto ulivyoweza peke yake. Mto wa zamani haukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Huu wa sasa anayeushika ni binadamu, ana ofisi na ana simu. Nenda kamwambie: mwaka ambao maji yanatosha, tupe wiki kadhaa za maji ya kuingia maziwani mwezi wa nne, kisha yashushe taratibu, na usiyapandishe tena ghafla mlau ukiwa mchanga.

Taarifa yenyewe iwe ya kueleweka. Tangazo la kwamba wananchi wa mabondeni wachukue tahadhari halimsaidii mtu; sisi sote ni wa mabondeni, na tahadhari ni neno tu. Waombeni waseme kwa lugha ya mahali: maji yaliyoachiwa leo yatafika Mloka lini, Utete lini, Daraja la Mkapa lini, na yatapanda kiasi gani juu ya yaliyopo. Nanyi msikae mkingoja waseme. Nunueni daftari la kijiji. Kila mlango unapofunguliwa andikeni siku na saa ya tangazo, kisha siku na saa maji yalipopanda kwetu. Mkifanya hivyo misimu mitatu mtakuwa na elimu ambayo hakuna mtaalamu wa Dodoma anayo kuhusu kijiji hiki, na mtaingia kwenye mkutano wowote mkiwa na la kusema.

Sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Ya kwetu imeandikwa majina, lakini nimeuliza watu watano na hakuna aliyejua nani ni katibu. Ifufueni. Ijue nyumba zenye wazee wasiotembea, wajawazito, na yule kijana asiyeona wa upande wa kisima. Ijue mitumbwi iliyo mizima ni mingapi, maana 2024 niliona mitatu ikivuja katikati ya maji na mamba wako karibu. Ijue nani anashika ufunguo wa shule, kwa kuwa maji hayaangalii saa za kazi. Kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa vikubaliane ishara moja. Na neno litoke kwa watu wawili wanaojulikana, basi. Nyie mna makundi yenu ya simu. Mtu akiandika usiku kwamba bwawa limepasuka, watu watakimbilia gizani na watoto watapotea kwa uongo ambao hauna hata jina la aliyeusema.

Mengine ya nyumbani mnayajua, nayataja tu. Mbegu zigawanye, nusu ikae juu hata kama unalima chini. Vyeti, hati na kadi ya kliniki viwe ndani ya dumu lenye kifuniko. Maji yakishajaa vyooni, ya kunywa yachemshwe yote, maana kipindupindu huja maji yakiwa yanaondoka. Dungu lijengwe upya kwa nguzo ndefu kuliko zile ambazo fundi atakushauri.

Na nyumba ya tofali ijengwe juu. Chini tulime, tuvue, tulale madunguni tukilinda mpunga, tushuke na kupanda kama tulivyofanya siku zote. Najua miguu inachoka. Yangu imechoka kuliko yenu. Tofali likiingia maji halipandi ngazi.

Nimechonga nguzo tatu za mkongo. Kila moja nimeipiga alama kwa rangi: nyeupe ni masika ya kawaida, njano ni maji yaliyoingia mashambani, nyekundu ni ya Aprili 2024. Ile nyekundu nimeipata kwa mstari wa tope uliobaki ukutani kwenye ghala langu, ambalo sijalibomoa kwa makusudi. Nguzo ya kwanza tayari imesimama hapo ghalani. Jumapili, kabla jua halijawa kali, njooni na majembe na futi kamba tuchimbie ya pili. Yule kijana wa tofali naye aje. Yeye ndiye nataka ashike futi kamba, kwa kuwa tutaisimamisha palepale alipochimba msingi.